Jeneza la Viatu

Mwamvua aliinua macho kutoka kwenye soli aliyokuwa akiishona, akaona kanga nyekundu imetundikwa dirishani ng'ambo ya barabara. Akajua papo hapo kwamba binti yake ameshikwa na uchungu wa uzazi. Ndivyo walivyokubaliana kabla Mashavu hajavuka kwenda kwa mumewe: kanga ya kijani maana yake nipo, sina neno, ya njano, nina shida, nyekundu, njoo mama. Ya kijani ilikaa pale miaka mitatu, ikapauka mpaka ikafanana na ukuta. Ya njano haikuonekana hata siku moja, kwa kuwa Mashavu amerithi kiburi cha mama yake, na wenye kiburi hicho hawana shida, wana mambo tu. Sasa ilikuwa nyekundu, na kati ya kanga na mama palikuwa na hatua arobaini za lami.

Barabara ile haikuwa na jina, maana jina hupewa njia inayotoka mahali kwenda mahali, na hii haikutoka wala haikwenda. Ilipita tu. Magari yalifuatana bila mwanya, vioo vyao vyeusi, na hakuna aliyewahi kuyaona yakifika popote. Zamani palikuwa na kivuko, mistari myeupe iliyopakwa rangi na mkono wa mtu ambaye bila shaka aliamini kuna watu duniani. Magurudumu yakaibeba rangi ile kidogo kidogo, kila gari likiondoka na uzi wake mweupe, ukabaki mstari mmoja. Na huo mmoja nao, asubuhi moja, lori likaulamba mbele ya macho ya Mwamvua. Labda dereva hakujua. Labda alijua. Kioo kilikuwa cheusi, na nyuma ya kioo cheusi kujua na kutojua ni kitu kimoja.

Usidhani watu hawakujaribu. Waliinua mikono, wakajibiwa kwa honi. Waliwasubiri madereva wawawashie taa kuwaruhusu, lakini taa za barabara ile ziliwashwa kwa neno moja tu, nalo ni ondoka. Mvua iliponyesha magari yalitafuta madimbwi kwa bidii, yakawarushia matope wenye nguo za kwenda harusini. Foleni ilipokaza, wenye haraka walitanua, wakapanda kwa magurudumu mawili kwenye kijia cha waenda kwa miguu, simu sikioni, wakawapigia honi watu wakae kando. Nao watu wakakaa kando. Wakasema samahani. Hilo la samahani ndilo lililomchoma Mwamvua kuliko honi zote. Gari likiharibika pale, dereva hulivunjia matawi akayatandaza nyuma yake, ili wenzake wajue pana kitu hapa, wapunguze mwendo. Mtu akiharibika pale hakuna aliyevunja hata jani.

Halafu siku moja watu waligundua jambo, na tangu walipoligundua hawakupona tena.

Kombo, kiongozi wa wabebaji wa jeneza la mtaa, alikuwa akipeleka maiti wa kweli kwenye makaburi ya ng'ambo. Alipoweka mguu wake wa kwanza kwenye lami, magari yakasimama. Yote. Redio zikazimwa, kofia zikavuliwa, vioo vyeusi vikateremka nusu na nyuma yake zikaonekana nyuso, za watu kabisa, zenye huzuni safi. Dereva mmoja hata akashuka, akaingiza bega lake chini ya jeneza, akabeba hatua saba za thawabu kama desturi inavyotaka, akarudi garini mwake ametosheka. Watu wa upande huu wakatazama kwa midomo wazi. Kesho yake mwanamke mmoja aliyekuwa na mgonjwa hospitali ya ng'ambo akamwendea Kombo akamwambia, nilaze humo, nivushe.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Dharura ya mtu mmoja ikawa njia ya wote, na njia ikapata masharti. Anayevuka avue viatu, maana maiti havai viatu. Afunikwe shuka kuanzia utosini. Jina lake liitwe mara tatu pale ukingoni, asiitike, na tangu hapo jina liwe si lake tena. Atakapofika ng'ambo aitwe marehemu. Asirudi, kwa kuwa mtu hafi mara mbili. Watu wakakubali, ndugu yangu. Walikuwa na wagonjwa, na harusi, na mitihani. Walilala mmoja mmoja wakavushwa, na magari yaliyokuwa tayari kuwaua wakiwa wima yakawainamishia vichwa wakiwa wamelala.

Mwamvua alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa pale pale ukingoni, na wote waliovuka walimwachia viatu vyao. Nitunzie, walisema, kama watu waendao kuoga. Aliwatunzia. Zaidi ya hapo alivitengeneza, akashona vilivyoachia, akagandisha visigino, akabadilisha soli, ingawa hakuna aliyekuja kuvichukua. Msharasi wa kutobolea ngozi na uzi wa nta havikuwahi kulala mkononi mwake. Alikuwa na viatu vya shule, vya kazini, vya kufungia ndoa, viko rundo juu ya rundo mpaka vikaziba dirisha. Yeye mwenyewe alivaa makatambuga aliyoyakata kwenye tairi kuukuu. Tairi likishachoka kukanyaga watu, alipenda kusema, linakuja kwangu nalifundisha kukanyaga taratibu. Ndala za Mashavu, nyekundu, zenye ua la plastiki, zilining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake.

"Bi Mwamvua, pole na hongera kwa pamoja," alisema Kombo, akisimama mlangoni na wabebaji wake wanne nyuma yake. "Nimeiona kanga. Jeneza liko tayari. Vua makatambuga, ulale tukuvushe kabla ya mchana kukolea."

Mwamvua hakuvua kitu.

"Mashavu yu hali gani? Wewe unafika kule."

"Nimemwacha amekaa kitako, anamtukana mkunga."

"Basi yu mzima."

"Yu mzima. Ila mtoto hatoki, Bi Mwamvua. Unajua mambo ya kule."

Alijua. Upande huu ilikuwa Alhamisi. Ng'ambo ilikuwa Jumatano, ikaisha, ikaja Jumatano nyingine. Siku nazo huvuka kwa miguu, na hakuna siku iliyokubali kulazwa na kufunikwa shuka, kwa hiyo zilifika ukingoni zikasimama pale na Mwamvua, zikatazama. Watoto wa ng'ambo wote huzaliwa Jumatano ile ile, na kwa kuwa hapakuwa na siku mpya ya kuwaitia, walipewa majina ya waliovuka.

"Jina lako nimeshawapelekea," aliendelea Kombo kwa upole wa mtu aliyezoea kufariji. "Wanakungoja wewe tu. Tukiliita mara tatu hapa, mtoto atalipokea kule, huenda kulingoja ndiko kunakomzuia. Halipotei jina lako. Linabaki mle mle nyumbani."

"Na mimi nitaitwa nani?"

"Si utaitwa marehemu, kama wenzako."

"Marehemu anayekula wali."

"Wapo wengi tu. Wanakula vizuri."

Mwamvua akacheka, na kicheko chake kikakauka katikati. Aliitazama kanga. Alitaka kumshika Mashavu kiuno wakati wa kusukuma, alitaka kumpokea mjukuu kwa mikono yake miwili, na alitaka wakati huo kuwa mtu anayeitwa akaitika. Hayo tu. Hakuona kama ameomba kikubwa.

"Nikuulize, Kombo. Mkishamshusha mtu kule, mnarudi na jeneza tupu?"

"Tupu, limefunikwa."

"Na magari yanasimama?"

"Yanasimama."

"Wanavua kofia?"

"Wanavua."

"Kwa hiyo hawamheshimu hata huyo maiti. Wanaheshimu shuka."

Kombo akageuka kulitazama jeneza. Wabebaji wakatazamana.

Mwamvua aliketi, akafumba macho, na maneno yakamjia vipande vipande kama yanavyomjia mtu aliyekaa miaka mingi kando ya kelele. Mimi ni nani mbele ya gari. Sisemi mbele ya Mungu, huko najulikana. Mbele ya gari. Nikisimama mimi ni kizuizi, nikikimbia mimi ni mchezo, nikilala mimi ni heshima. Mtu yule yule, miguu ile ile. Basi wanachokiheshimu ni kule kulala kwangu. Wanapenda nisiwe na pa kwenda, maana mwenye pa kwenda ana haraka, na haraka wameshaichukua yote wao. Mama yangu alinizaa siku ya mvua, amesimama ukingo huu huu, gari lilikuwa limemrushia matope mpaka machoni. Akaniita Mwamvua kwa sababu ya mvua, hakuniita kwa sababu ya matope. Angeweza. Akachagua. Na mimi leo nilale niliache jina hilo hapa, wapite juu yake? Nani kawaambia wao ndio wenye njia? Usukani ni duara tu. Hata sufuria ni duara.

Akafumbua macho.

"Leteni jeneza ndani," alisema.

Walileta. Mwamvua akasimama mbele ya rundo, akaanza kupakia. Viatu vya shule kwanza, chini, kisha vya kazini, kisha vile vya ndoa juu ili visivunjike visigino. Wabebaji walimtazama kama wanamtazama mtu anayepika mawe.

"Bi Mwamvua, jeneza si pakacha," alisema Kombo.

"Ukisema hivyo, na mtu mzima hai si maiti. Ulipombeba wa kwanza ulishakosea, sasa usiniletee masharti."

"Na wewe utavuka vipi?"

"Mbele, natembea."

"Mwanamke hatangulii jeneza."

"Hili leo si jeneza. Ndilo gari langu, na dereva ni mimi."

Kombo akafungua mdomo kukataa. Mwamvua akamtilia mkononi jozi moja ya viatu vyeusi vya kike, vilivyong'arishwa, kisigino cha kushoto kipya. Vilikuwa vya Riziki, mke wa Kombo, aliyevuka mwaka juzi kwenda kumuuguza dada yake. Kila safari Kombo humkuta kule ukingoni, pekupeku, na kila safari humwamkia kwa kumwita marehemu, kwa kuwa sharti ni sharti. Kombo alivigeuza viatu vile, akagusa kisigino kwa kidole gumba.

"Alikuwa anavichakaza upande huu wa kisigino," alisema taratibu.

"Anaburuza mguu kidogo. Nimekiinua."

Kombo akaviweka juu ya vingine, kwa adabu, akavuta shuka akafunika. Akashika mpini wa mbele. Mwamvua akachukua ndala za Mashavu msumarini, akazifutika kwapani, na mkononi akashika jozi moja ya makatambuga mapya ambayo hayakuwa na mwenyewe. Pale ukingoni hakuna jina lililoitwa.

Magari yakasimama. Redio zikanyamaza, kofia zikashuka, na Mwamvua akakanyaga lami kwa mara ya kwanza katika umri wake. Ilikuwa moto. Alihesabu hatua: nne, tisa, kumi na tano. Ilimshangaza jinsi njia ilivyokuwa fupi. Maisha yote mtu hutazama hatua arobaini akidhani ni bahari, kumbe ni hatua arobaini.

Kwenye hatua ya kumi na saba mlango wa gari moja la fedha ukafunguka, akashuka dereva, mtu wa makamo, pekupeku. Madereva wa barabara ile hawakuvaa viatu, hawakutegemea kushuka. Akarukaruka juu ya lami ya moto, akamwomba mbebaji mmoja ampishe, akaingiza bega, wakaenda hatua tatu.

"Poleni sana," alisema, sauti ya mtu mwema. "Marehemu ni nani?"

Mwamvua akageuka. Hakuwa amepanga kulifanya hapo, lakini sauti ile njema ilimwasha moyo kuliko matusi yote. Alishika pindo la shuka akalivuta hadi miguuni, likaanguka barabarani.

Mchana mzima uliona viatu.

"Hivi ni nini?" aliuliza dereva.

"Ni watu mliowazuia kupita."

"Mmenishusha garini kwa ajili ya viatu?"

"Umeshuka mwenyewe, na umebeba vizuri. Zimebaki hatua nne za thawabu yako."

Dereva akatoa bega. Kule nyuma honi ya kwanza ilikuwa imeshalia, kisha ya pili, kisha barabara yote ikawa mdomo mmoja. Lala, madereva walipiga kelele kupitia vioo vilivyoteremka. Funika. Lala. Magari ya upande wa pili yakaanza kusogea. Moja likapita katikati ya yule dereva na gari lake la fedha, likafuatwa na jingine lililomkwangua kisigino.

"Huoni mtu?" alifoka.

Gari likaenda zake.

"Mtu gani?" Mwamvua alimuuliza. "Unaitwa nani?"

Alifungua mdomo kwa hasira. Zikatoka herufi mbili na tarakimu tatu. Akajaribu tena, zikatoka zile zile, za kibao cha nyuma ya gari lake. Mwamvua aliona uso wake ukilegea kwa woga, na kwa dakika moja akamwonea huruma ambayo hakupenda kuwa nayo.

"Nilazeni humo," alisema dereva. "Nifunikeni, nivusheni."

"Pamejaa," alijibu Mwamvua, akamrushia yale makatambuga. "Vaa hayo. Nimeyakata kwenye tairi, labda lilikuwa lako. Tembea."

"Bi Mwamvua, tufunike," alinong'ona mbebaji wa nyuma. "Tutauawa hapa."

"Hatufuniki."

Aliinua mkono mmoja, kiganja wazi, akakanyaga hatua ya ishirini na moja. Gari jeupe lilikuja likafunga breki, boneti ikamgusa goti. Alilipiga boneti kofi moja, kofi la mama kwa mtoto mtovu wa adabu. "Mimi mzima," aliliambia. Akachomoa kiatu cha shule kwenye jeneza, akakiinua juu, akaita jina la mwenyewe kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Akachomoa kingine. Alikuwa anavijua vyote, nani anakanyagia nje, nani anakanyagia ndani, nani alikuwa akifunga kamba kwa mafundo mawili. Hatua moja, jina moja. Kila jina aliliita mara moja tu, na baada ya kuliita alingoja.

"Riziki," aliita Kombo mwenyewe, kabla Mwamvua hajafika kwenye viatu vile vyeusi. "Riziki binti Omari."

"Abee," aliitika mwanamke kutoka ukingo wa ng'ambo.

Walikuwa wamejipanga pale, marehemu wote, miguu peku, wametoka kwenye Jumatano yao kutazama kelele. Riziki akateremsha mguu mmoja kwenye lami, akausikia moto, hakuurudisha. Mwenzake akamfuata, kisha watatu, kisha safu nzima, wakiitika huku wanatembea kuvifuata viatu vyao katikati ya magari. Magari yalipiga honi. Yalipiga mpaka honi zikakauka. Hakuna lililoweza kusogea, maana sasa mbele ya kila moja palikuwa na mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu, na mtu huyo hakusema samahani. Nyuma yao, upande alikotoka Mwamvua, waliokuwa hawajavuka bado wakaanza nao kushuka, taratibu, wakitazama kushoto na kulia kama watu waliofundishwa zamani sana.

Mwamvua hakungoja kuona mwisho wake. Alikuwa na haraka yake mwenyewe.

Nyumba ya Mashavu ilikuwa ya tatu. Majirani walikuwa wamejaa ukumbini, kanga begani, tayari kumpa binti pole ya msiba na hongera ya uzazi kwa mkupuo mmoja. Alipowapita hawakumwona vizuri. Walikuwa wanamtegemea amelala. Toka chumbani ikasikika sauti nyembamba, kali, ya kiumbe aliyeghadhibika kutolewa mahali pake, na Mwamvua akajua amechelewa kwa dakika chache. Alisimama mlangoni akihema. Mashavu alikuwa ameegemea mto, jasho limemlowesha, na mkunga amemnyanyua mtoto wa kike karibu na mdomo wake, tayari kumnong'oneza sikioni.

"Mwamvua," alisema mkunga kwa upole.

"Abee," aliitika Mwamvua.

Mkunga aligeuka nusura amwangushe mtoto. Mashavu alimtazama mama yake kuanzia utosini, akashuka, akafika miguuni, akaona makatambuga yamenata lami iliyoyeyuka, na macho yake yakajaa machozi.

"Mama. Umevukaje?"

"Kwa miguu. Na hilo jina lina mwenyewe, mama mkunga. Bado nalitumia."

"Sasa huyu tumwiteje?" aliuliza mkunga. "Wa Jumatano wote huitwa kwa—"

"Leo siku gani, Mashavu?"

Nje, mbali, honi moja ilikuwa ingali inalia, ya mmoja asiyekubali. Mashavu alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Alhamisi," alisema. Kisha akamtazama mwanawe. "Mwanahamisi."

Mtoto akanyamaza kidogo, akapiga chafya, akaendelea kulia. Mwamvua akampokea kwa mikono yake miwili. Alipotosheka naye alimrudisha kifuani kwa mamaye, akatoa zile ndala nyekundu kwapani, akainama, akazipanga chini ya kitanda, visigino ukutani, vidole vimeelekea barabarani.